Bahasha Zilizofunguliwa: Maisha ya Kambini katika Barua za Askari wa Keya

Desemba 1944 wahandisi wa jeshi la Uingereza walitandaza daraja la vyuma juu ya mto Chindwin, pale Kalewa, magharibi mwa Burma. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 350, na wakati huo halikuwapo daraja la aina yake refu kuliko hilo. Njia ya kuufikia mto ilikuwa imefunguliwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa kutoka Ukambani, Unyamwezi, Acholi, Nyasa na kwingineko, waliolipita bonde la Kabaw hatua kwa hatua tangu Agosti, mvua za monsuni zikiwanyeshea usiku na mchana. Kanuni za ukaguzi wa barua ziliwakataza kuandika nyumbani jina la mto, jina la bonde, au kwamba wako Burma kabisa. Mama aliyekuwa akingoja habari Kitui au Tabora aliletewa bahasha yenye jina la mwanawe, namba yake na anwani ya posta ya jeshi. Mwanawe yuko upande gani wa dunia, hakuambiwa.

Basi askari aliandika nini? Na barua zile zinatufundisha nini juu ya taabu za kambi, ikiwa taabu zenyewe nyingi hazikuruhusiwa kuandikwa? Swali hili lina uzito, kwa kuwa vita vile viliwachukua zaidi ya watu 320,000 wa Afrika Mashariki: Kenya ilitoa kama 98,000, Tanganyika 87,000, Uganda 77,000, na wengine wakatoka Nyasaland na nchi za jirani. Kwa watu wa kawaida jeshi lilikuwa Keya, yaani King's African Rifles, ingawa sehemu kubwa ya walioandikishwa hawakuwa wapiganaji wa bunduki. Walikuwa madereva, wauguzi, mafundi wa simu, makarani, wachimbaji wa barabara na wabeba mizigo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ndiyo lugha waliyoamriwa nayo kwenye gwaride, na ndiyo waliyoitumia kuandikia barua hata wale ambao mama zao hawakuielewa vizuri.

Kabla ya vita kambi ya Keya ilikuwa karibu sawa na kijiji. Askari aliyeoa aliishi na mkewe katika mistari ya nyumba za jeshi, watoto wakacheza nje, mboga ikalimwa uani. Jeshi lilijua kwamba mwanamume aliye na familia karibu hatoroki, tena hula vizuri zaidi. Vita viliuvunja utaratibu huo kwa mara moja. Batalioni zilipopelekwa mpakani mwa Somalia, kisha Abisinia, kisha Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon, kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, mke alirudishwa kijijini kwa wakwe au kwa wazazi wake. Kambi ikabaki ya wanaume watupu. Mambo mengi yaliyoandikwa baadaye yanatokana na badiliko hili kuliko na risasi.

Taabu za mwili zilibadilika kadiri jeshi lilivyohama. Kaskazini mwa Kenya mwaka 1940 na 1941 adui wa kwanza alikuwa kiu. Maji yalipimwa kwa chupa, upepo wa jangwa ukajaza mchanga kwenye chakula na kwenye bunduki. Walipopanda nyanda za juu za Abisinia, watu waliozaliwa pwani au kando ya Ziwa Nyasa walikutana na baridi ambayo blanketi moja haikuiweza. Ceylon ilikuwa nafuu: kambi zilikuwa za kudumu, mazoezi ya msituni yalikuwa makali lakini chakula kilipikwa. Burma ndiyo iliyowavunja wengi.

Bonde la Kabaw lilikuwa na sifa mbaya hata kabla ya vita, kwa malaria na kwa homa ya tifasi inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 ambalo divisheni ya Afrika Mashariki ilikuwa sehemu yake, aliandika baada ya vita kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyelazwa kwa jeraha, wengine 120 waliondolewa mstari wa mbele kwa ugonjwa. Dawa ya kuzuia malaria ilikuwa mepakrini, vidonge vichungu vilivyoifanya ngozi kuwa ya manjano. Slim alichukua hatua kali dhidi ya maofisa ambao askari wao hawakumeza. Katika majeshi ya huko ukazagaa uvumi kwamba vidonge vile humwondolea mwanamume nguvu za kiume. Hebu fikiria uvumi huo ukimfikia kijana ambaye kila barua yake inauliza habari za mkewe aliyemwacha miaka miwili nyuma.

Kulala kulikuwa shimoni. Kila jioni askari alichimba handaki la kumtosha yeye au yeye na mwenzake, na kwa mvua ile handaki lilijaa maji kabla hajalala. Ruba walipenya kwenye vitundu vya kamba za buti. Usiku moto haukuwashwa na mtu hakusema kwa sauti, maana Wajapani walikuwa mabingwa wa kunyemelea gizani. Magari yalizama kwenye matope, hivyo chakula kililetwa kwa ndege na kuangushwa kwa miavuli: biskuti ngumu, nyama ya kopo, sukari, chai. Kwa watu waliolelewa kwa ugali, siku nyingi bila posho ya moto ni zaidi ya njaa. Chakula kinachopikwa katika sufuria moja na kuliwa na watu kadhaa ndicho kilichokuwa kinaifanya kambi ikalike. Biskuti mtu huila peke yake, amejikunyata.

Katika mazingira hayo kuandika kwenyewe kulikuwa kazi. Karatasi ikilowa wino hutapakaa, na bahasha yenye gundi hujifunga yenyewe kabla haijatiwa kitu. Penseli ilifaa kuliko kalamu. Mwanga wa kuandikia ulikuwa wa mchana tu, na mchana kulikuwa na zamu, doria na mizigo. Barua nyingi za mstari wa mbele kwa hiyo ni fupi, na zile ndefu hutoka kambi za mapumziko au hospitali. Miongoni mwa hospitali za uwanjani zilizowahudumia askari wa divisheni hii ilikuwamo moja iliyotoka Kongo ya Wabelgiji, yenye wauguzi Wakongo waliofuata jeshi mpaka Burma. Historia yao inastahili makala yake yenyewe.

Hata hivyo mvua, ruba na biskuti si mambo yaliyotawala barua. Wanahistoria waliopitia muhtasari wa wakaguzi, miongoni mwao Timothy Parsons na David Killingray, wanaonyesha malalamiko yaleyale yakijirudia mwezi hadi mwezi: likizo isiyokuja, fedha za familia zisizofika, mke anayesemekana kuwa na mwanamume mwingine, ng'ombe waliochukuliwa, njaa nyumbani. Mwandishi yuko shimoni Burma, na barua yake nzima iko Machakos.

Sababu ya kwanza ni mkaguzi. Barua ilisomwa kwanza na ofisa wa kikosi, kisha ikaweza kufunguliwa tena na wakaguzi wa jeshi wanaojua Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki. Lililohusu mahali, idadi ya watu, mapigano au hasara lilifutwa. Askari alijua hivyo, akajifunza kuacha mapema. Sababu ya pili ni heshima. Kijana aliyelelewa vizuri hamwelezi mama yake kwamba amelala majini na rafiki yake amekufa jana. Anamwambia hajambo. Kila aliyefundishwa kuandika barua ya Kiswahili anaijua salamu ya ufunguzi isemayo kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Kwa askari wa Keya maneno kama hayo hayakuwa mazoea ya darasani tu. Yalikuwa yanaeleza hali yake kamili: la kwake analiona kwa macho na anaweza kulivumilia, la nyumbani halioni, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Kuna pia jambo la tatu, ambalo wasomaji wa siku hizi hulisahau. Wengi walioingia jeshini hawakujua kuandika. Barua iliandikwa na karani wa kikosi au na mwenzake aliyesoma shule ya misheni, yule mwenye barua akichutama kando na kutaja maneno. Ikifika nyumbani kupitia misheni, duka lenye sanduku la posta au ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya, ilisomwa kwa sauti na mwalimu au na mtoto wa darasa la tatu, mbele ya shangazi, jirani na yeyote aliyekuwapo. Kwa hiyo barua ya mume kwa mke ilikuwa na mwandishi mwingine, ofisa mmoja au wawili na baraza zima la kijiji kati yao. Jibu la mke lilirudi kwa njia hiyohiyo. Yapo maneno ambayo mume na mke hawawezi kuambiana mbele ya watu wote hao. Tunapozisoma barua hizi na kuziona kavu, zimejaa salamu za majina ishirini na ombi la shilingi kumi, tukumbuke ni nani waliokuwa wamesimama katikati.

Jeshi lenyewe lilianza kulirekebisha jambo hili, ingawa kwa sababu zake. Kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki kiliwatoa walimu Waafrika kwenda kufundisha kusoma na kuandika kambini, hata chini ya miti. Magazeti ya Kiswahili ya jeshi, kama Askari na Heshima, yalipelekwa vikosini, na nyumbani gazeti la Baraza, la Nairobi, lilikuwa limeanza kuchapishwa tangu 1939. Askari aliyeondoka kwao hajui herufi akajikuta anaandika barua kwa mkono wake. Ni miongoni mwa mambo mema machache yaliyotoka kambini, na linaonekana katika barua za miaka ya mwisho: zinakuwa za mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndipo barua nyingi zilipofikia. Askari aliweza kuamuru sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kila mwezi kupitia ofisi ya wilaya. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Kwa vitendo, mke alitembea umbali mkubwa hadi bomani, akapanga foleni, akaonyesha hati yake, akaambiwa jina halipo kwenye orodha, au fedha imeshachukuliwa na baba mkwe, au arudi mwezi ujao. Hakuwa na njia ya kulalamika isipokuwa kumwandikia mumewe. Mume, aliye mbali kupita bahari, hakuwa na njia isipokuwa kumwandikia ofisa wake, ambaye alimwandikia DC, ambaye alimuuliza chifu. Miezi ikapita. Wakati huo minong'ono ilikwenda haraka kuliko barua rasmi: kwamba mke hapokei kwa sababu ameolewa kwingine, au kwamba baba amekula fedha zote pombe. Kosa dogo la karani wa wilaya likaingia kambini kama habari ya ndoa iliyovunjika. Utaratibu wa malipo uliumiza watu ambao risasi haikuwagusa, na waliousimamia walikuwa na taarifa za kutosha za kuutengeneza mapema zaidi.

Na nyumbani kwenyewe hapakuwa pema. Mwaka 1943 mvua zilikosekana na njaa ikaenea katika sehemu kubwa za Kenya na Tanganyika. Nguo zilipotea madukani. Kabla ya vita khanga na vitambaa vingi vya bei nafuu vilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941 bidhaa hizo zikakatika, na mke wa mtu anayepigana na Wajapani akabaki amejitanda kitambaa kilichochakaa. Wajapani walipoiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, katani ya Tanganyika ikawa mali adimu kwa Waingereza, na wanaume wakaandikishwa kwa lazima kwenda mashambani. Ng'ombe wakanunuliwa kwa amri ili jeshi lipate nyama. Askari aliyepewa kopo la nyama alipokea wiki hiyohiyo barua inayosema ng'ombe wa mahari ya mdogo wake wamepelekwa mnadani. Ndipo swali lilipowaingia wengi: ikiwa mimi niko huku kwa ajili ya Serikali, Serikali iko kwetu kwa ajili ya nani?

Maofisa waliyaona haya yote, kwa kuwa waliyasoma. Wakaguzi waliandaa muhtasari wa yale ambayo askari wanasema, ukapelekwa kwa wakuu wa jeshi na serikali za makoloni. Baadhi ya hatua zilichukuliwa. Machifu walisafirishwa hadi Mashariki ya Kati na Asia kuwatembelea askari, wakawaeleza habari za mvua na mifugo, wakachukua salamu kurudi nazo. Madai ya ndoa yalipelekwa mabaraza ya wenyeji. Lakini lengo la muhtasari lilikuwa kupima utii. Likizo haikuongezwa kwa sababu meli zilikuwa chache na zilitakiwa kwingine, na ujira wa Mwafrika haukusawazishwa na wa askari mwingine yeyote. Mzungu, Mhindi na Mwafrika waliokaa bonde moja walipokea mshahara tofauti, chakula tofauti na, hata hospitalini, vitanda tofauti. Mwafrika aliweza kupanda hadi kuwa afisa mteule anayeongoza platuni. Cheo cha ofisa kamili kilibaki cha Wazungu.

Hasira hii ilikuwa ya hatari kuiweka kwenye karatasi, na wengi waliihifadhi moyoni hadi baadaye. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma akiwa askari wa Keya na ambaye miaka ya 1950 alijulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alisimulia katika kitabu chake cha 1967 jinsi mazungumzo ya kambini, pamoja na yale aliyofanya na askari mweusi wa Marekani, yalivyomfungua macho. R. H. Kakembo wa Uganda alichapisha mawazo ya askari Mwafrika mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Haya ndiyo mazungumzo ambayo barua hazina. Yeyote anayetaka kuijua kambi kwa barua peke yake atapata nusu yake. Nusu ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini, usiku, na watu waliokuwa wanajifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa Nyasa na mtu wa Acholi wana shida ileile.

Baya kuliko barua iliyokatwakatwa na mkaguzi lilikuwa kutopata barua. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wakati wa vita habari za meli kuzama zilizuiliwa. Familia zilizozoea kungoja miezi miwili au mitatu kati ya barua na barua hazikuwa na njia ya kutofautisha uchelewaji wa kawaida na kifo. Mara hii angalau kulikuwa na orodha ya majina na taarifa rasmi iliyokuja baadaye. Katika Vita vya Kwanza wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, ambao kikosi chao kiliacha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, wengi wao hawakuandika wala kuandikiwa, na mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia ndugu zao.

Wajapani walisalimu amri Agosti 1945, na hapo barua zikabadilika sauti. Sababu ya kuvumilia ilikuwa imekwisha, lakini meli hazikutosha, na wengi walikaa India na Ceylon hadi 1946 wakilinda maghala na kufanya gwaride. Mtu aliyestahimili Kabaw bila kunung'unika alishindwa kustahimili kambi safi yenye chakula cha moto, kwa kuwa sasa kila siku ya kukaa ilikuwa imeibwa kwake bila adui wa kulaumiwa. Nadhani hapa ndipo inapodhihirika kwamba ugumu wa kambi haukupimwa kwa matope.

Tunayajua mengi ya haya kwa njia inayouma. Maneno ya askari yaliyobaki katika majalada ya Nairobi na London yapo kwa sababu bahasha zao zilifunguliwa bila ridhaa yao, yakanukuliwa na watu waliotafuta dalili za uasi, mara nyingi yakiwa yametafsiriwa Kiingereza na Kiswahili chake kutupwa. Barua zenyewe, zile zilizofika, zilikwenda kukaa kwenye masanduku ya bati, ndani ya Biblia na misahafu, chini ya magodoro. Mchwa wamekula nyingi, moto wa nyumba za nyasi umekula nyingine, na mwenye umri wa miaka ishirini mwaka 1944 amepita mia sasa. Lakini bado kuna wajukuu wanaozihifadhi bila kujua thamani yake, na idara za historia za vyuo vyetu hazijawafikia nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa: kupiga picha karatasi pande zote mbili pamoja na bahasha yake, na kuandika jina la familia na kijiji. Barua ikiwa na tarehe na namba ya askari, mara nyingi batalioni yake inaweza kujulikana, na kutoka kwenye shajara za batalioni hupatikana kambi aliyoandikia siku ile.